Dirisha la Jikoni kwa Bi Verlene

Likizo ile ya Machi wenzetu wengi chuoni waliteremka Florida kuota jua. Sisi kumi na wawili tulipanda basi la chuo kutoka Ohio hadi Alabama, kumjengea nyumba mwanamke ambaye hatukuwahi kumwona.

Bi Verlene Tolliver tulimkuta kiwanjani kabla yetu, kofia ngumu kichwani, nyundo mkononi. Alikuwa mpishi wa shule, umri miaka hamsini na minane. Nyumba hizi za bei nafuu, zinazojengwa na watu wa kujitolea, hazitolewi bure. Mwenye nyumba naye humwaga jasho lake hapo hapo na wajenzi. Alitushika mikono mmoja mmoja, akaitazama.

"Laini kama donge la unga," alisema. "Haya wanangu, tutafika tu."

Msimamizi wetu alikuwa Mzee Hollis Grubbs, seremala mstaafu wa maneno machache. Msingi wa zege ulikuwa tayari, na mabomba ya maji yamechomoza. Jumanne alimkabidhi mwenzetu Tobin ramani ya ukuta wa jikoni, kwa kuwa Tobin alisoma uhandisi na hakuna aliyekuwa hajaambiwa hivyo. Mimi nilipewa kumshikia futi ya kupimia.

Tulipoanza kuacha nafasi ya dirisha, niliyatazama yale mabomba ya sinki. Yalikuwa upande wa kulia. Dirisha tulikuwa tunaliweka kushoto. Nikajiambia, mimi nasoma historia, ya mbao nayajulia wapi? Nikashika futi, nikanyamaza.

Fremu ya ukuta tuliisimamisha watu wote kwa pamoja, na misumari ya mwisho aliipigilia Bi Verlene mwenyewe. Jumatano tukaifunika kwa plaiwudi. Kazi ilikwenda vizuri hata Mzee Hollis akasema Jumamosi, kabla hatujaondoka, kenchi za paa zingekuwa juu.

Alhamisi mchana Bi Verlene alituletea kuku wa kukaanga, sukuma wiki na mkate wa mahindi. Tulikula tumekaa juu ya mbao. Akanyoosha kidole ng'ambo ya shamba, kwenye nyumba moja nyeupe.

"Pale anakaa dada yangu Ozella. Tangu apate kiharusi, simu hawezi. Lakini kila asubuhi anatoka verandani na kikombe chake. Huko ninakokaa sasa, kwenye ile nyumba ya bati, sinki langu linatazama ukuta. Miaka ishirini na miwili naosha vyombo natazama ukuta. Hapa nitasimama kwenye sinki, nimwone Ozella, nijue kumekucha salama."

Tobin aliacha kutafuna. Baadaye kidogo alinivuta nyuma ya rundo la mbao.

"Kori, nimeisoma ramani kinyume. Imechorwa kwa mtu aliyesimama ndani. Mimi nimeisoma kama niko nje."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Jumanne. Niliyaona mabomba."

"Na hukusema?"

"Wewe si ndiye mhandisi?"

"Usiniletee hayo," alisema. Akafuta jasho. "Yeye mwenyewe hajagundua bado. Tunaweza..." Hakuimalizia. Aligeuka akaenda moja kwa moja kwa Mzee Hollis, nami nikamfuata.

Mzee aliutazama ukuta, akayatazama mabomba, akavua kofia.

"Nilipaswa kukagua, sikukagua," alisema. "Tuko wawili basi."

Tulikuwa watatu, lakini sikufungua mdomo.

"Mabomba hayahamishiki?" Tobin aliuliza.

"Yako ndani ya zege, kijana. Rahisi kutoa ni mbao. Nenda kamwambie. Mimi sikusemei."

Bi Verlene alimsikiliza hadi mwisho. Tobin alisema "nimekosea" bila kuzungushazungusha, na bila kunitaja. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kugusana mabega.

"Kwa hiyo dirishani ni friji ndiyo ingemwamkia Ozella," Bi Verlene alisema. Hakucheka. "Mkibomoa, paa je?"

"Paa halitawahi," Tobin alijibu.

Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amemwahidi dada yake kwamba Jumamosi angekuja kuiona nyumba ina kichwa. Tulimwacha awaze. Mwishowe akainuka, akajipangusa suruali.

"Nimewapikia watoto miaka thelathini. Uji ukiungua, huufuniki kwa jibini ukawapa. Unamwaga, unaanza upya. Nipeni mtaimbo."

Akaanza na misumari aliyoipigilia yeye.

Wenzetu hawakufurahi. Desmond, aliyelala ndani ya basi njia nzima kuja, alinung'unika, "Yaani nimeacha bahari nije kubomoa?"

"Bomoa kwa adabu," Mzee Hollis alimjibu. "Mbao hizo tutazitumia tena."

Ijumaa ilinyesha manyunyu kutwa. Safari hii Mzee alipima, Tobin akapima, nami nikapima bila kuambiwa. Kabla hatujapigilia, Bi Verlene alisimama penye mabomba, mikono mbele kama anaosha sahani.

"Kulia kidogo. Bado. Haya, hapo."

Saa kumi jioni ukuta ulikuwa umesimama, nasi tumelowa na matope hadi magotini.

Jumamosi Bi Ozella aliletwa, anajikongoja na mkongojo wake. Aliingia sebuleni, akainua macho kwenye anga tupu. Maneno yalimtoka polepole.

"Nyumba nzuri. Ina hewa."

Bi Verlene alicheka hadi akashika ukuta. Tuliondoka tukiwa bado tunacheka, ila Tobin alikuwa anaangalia nje ya dirisha la basi.

Paa lilimaliziwa Aprili na watu wa kanisa moja, na Julai Bi Verlene akahamia. Tobin alirudi Alabama kiangazi, akakaa kwa Mzee Hollis wiki mbili, akijifunza kupachika milango. Anasema mzee hakumsifu hata mara moja.

Mimi nilibaki Ohio, nikiuza viatu dukani, na jambo lile lilikuwa linanikereketa. Mwezi Agosti nikamwandikia Bi Verlene barua. Nilimwambia kwamba niliona tangu Jumanne, na kwamba nilimwacha mwenzangu abebe lawama peke yake mbele yake.

Jibu lake lilikuja kwenye kadi ndogo, maandishi makubwa ya mtu aliyezoea kuandika ubaoni chakula cha siku.

"Mwanangu, futi ulishika wewe. Ulidhani sikufikiri hilo? Ila nimefurahi umesema. Machi tunamjengea jirani yangu, ana watoto wanne. Njoo. Na ukiona kitu, sema, hata kama unasoma historia."

Nilikwenda. Siku ya pili tu nilimsimamisha Mzee Hollis kwa ajili ya mlango wa bafu. Nilikuwa nimekosea, mlango ulikuwa sawasawa. Alinionyesha kwenye ramani kwa penseli, mara mbili, bila haraka, kisha tukaendelea na kazi.