Nilivyoliziba Tangi la Mwanangu

Shule yangu mimi iliishia darasa la sita, na sijapata kuandika kitu kirefu kuliko barua. Lakini nimechoka kuisimulia habari hii kwa mdomo. Kila jirani akija anauliza upya. Basi naiandika mara moja tu. Mama yeyote mwenye mtoto anayeendesha gari na aisome, na asiyejua kusoma asomewe.

Jina langu Mwanasiti. Marehemu mume wangu alituleta Nairobi kutoka Lamu, akawa karani wa duka la vitambaa mjini. Alipofariki tulihamia Kangemi, vyumba viwili: mimi, mwanangu Athman, mkewe Mgeni, na kitoto chao Salme, aliyekuwa na miezi minne mwaka ule wa sabini na nne. Athman alikuwa na teksi. Gari kuukuu la rangi ya maziwa, lakini lake mwenyewe, na sote tulikula kwa hilo.

Akirudi jioni huliingiza uani kinyumenyume, ili alfajiri atoke upesi. Kwa hivyo nyuma ya gari ilikaa chini ya dirisha la chumba alicholala mtoto. Na kila siku iliyokuwa na jua, ikifika jioni, harufu ya petroli ilipanda ikaingia ndani. Mimi ni mtu wa kuogopa, sikatai. Nilikaa macho namsikiliza mtoto anavyovuta pumzi. Akikohoa mara moja, mimi nimeshaamka. Nilimwona amekufa mara ngapi kichwani mwangu, hata sihesabu.

Asubuhi moja Athman alikuwa anaoga. Nikapiga magoti nyuma ya gari, nikanusa kama paka. Karibu na gurudumu niliona mrija mwembamba wa mpira, unene wa kidole cha mwisho, unaning'inia tu, haukufungwa popote. Harufu ilitoka hapo. Nikasema moyoni, huu umekatika, ndio unaovujisha. Nikachana kipande cha nepi kuukuu, nikakipaka sabuni ya mche, nikakisokomeza ndani kwa mpini wa kijiko mpaka kikazama.

Usiku ule harufu haikuja, nikalala fofofo. Athman sikumwambia. Si kwamba nilimficha. Niliona ni jambo dogo la nyumbani, kama kuziba tundu la panya.

Baada ya siku mbili akarudi na mkono wa shati umelowa petroli.

"Nini tena hiki?" nikamuuliza.

"Tangi, mama. Leo limekataa kujaa. Ukitia, linarudisha."

Sikuunganisha. Ningeunganishaje? Nilichoziba mimi kilikuwa chini, kwenye gurudumu. Mahali pa kutilia petroli ni juu, ubavuni. Nilimwambia avue nguo nje, asiingie nazo jikoni, akasema, "Nimesikia, mama," kama wanavyosema wote.

Ikawa hivyo kila siku. Alhamisi moja nilipanda naye mbele niende mjini. Nyuma alikaa abiria wake wa kila siku, Philister, anayepiga chapa katika ofisi, msichana nadhifu sana. Tukaingia kituo cha petroli kilicho njia ya kwenda Westlands. Miezi ile petroli ilikuwa ya shida, foleni ilifika barabarani. Mtiaji wa pale anaitwa Haron. Alipoona gari letu tu, akashika kiuno.

"Wee Athman, umerudi na hii mgonjwa yako?"

"Tia polepole, Haron."

"Polepole gani? Jana nimetia polepole kama ya bibi harusi, bado ilinitemea viatu."

Akatia mdomo wa pampu. Haikufika nusu galoni, tukasikia tangi linaguguna, na petroli ikaruka nje. Athman alikuwa amesimama karibu ameshika kifuniko. Ikammwagikia kuanzia kiwiko mpaka gotini.

"Inatapika!" Haron akapiga kelele. "Si nilikuambia inatapika!"

Wa nyuma yetu wakaanza kupiga honi. Mmoja akatoa kichwa: "Tikisa hiyo gari! Iko na upepo kwa tumbo, tikisa!" Basi Athman akashika bampa la nyuma akalisukasuka gari, sisi tumo ndani tunayumba huku na huku.

"Dereva!" Philister akalia. "Mimi ni mtu au ni unga wa kuchekechwa?"

"Vumilia dada, kidogo tu."

"Kidogo umesema tangu Jumatatu. Ofisini wananiuliza ni manukato gani haya ninajipaka."

Nilicheka. Nasema kweli, nilicheka pamoja nao. Halafu nikamtazama mwanangu, suruali imemng'ang'ania mguuni, na Haron kando yake anamfukuza mtu aliyekuja na sigara mdomoni: "Toka na moto yako! Unataka tuchomeke?" Kicheko kikaisha hapohapo.

Tulipopita Westlands gari likakohoa, likazima. Athman akashuka, akafungua kifuniko cha tangi. Nilisikia fyuuu, kama mtu aliyebanwa kifua anayevuta hewa. Akarudi, akaliwasha, likawaka.

"Waona maajabu?" akaniambia. "Likizima nafungua kifuniko, linakwenda. Maili tatu, linazima tena."

"Mpelekee Odhiambo."

"Nimempelekea mara mbili."

Lazarus Odhiambo ni fundi wetu pale Kangemi, mtu mzuri, mdomo ndio haumpumzishi. Alikwisha kusafisha kabureta, akapuliza mirija ya mbele, akasema ni uchafu wa petroli ya siku hizi. Jioni ile alikuja tena akachungulia shingo ya tangi kwa tochi.

"Mama Athman," akaniambia, "mimi nimejua ugonjwa. Hii gari imesilimu. Imefunga, ikipewa chakula mchana inatema."

"Na likizima njiani?"

"Hiyo ni njaa ya saumu."

"Odhiambo, mimi sina nguvu za mzaha. Lala chini yake utazame."

"Nilale hapa?" Akaonyesha uani. Ilikuwa masika, tope limefika kifundoni. "Mama, kukikauka kidogo nitalala. Sasa hivi nikiingia chini mtanitoa kwa jembe."

Akaenda zake. Mimi nikaendelea na kazi yangu mpya, ya kumngojea Athman mlangoni na beseni la maji na nguo kavu. Vua hapahapa. Nawa. Usisogee moto. Kila siku maneno yaleyale, mpaka Mgeni mkewe akawa anayasema kabla yangu ananiigiza. Sikuchoka kusema. Nilichoka kungoja. Nikisikia honi kokote nadhani ni habari zake. Nilidhani basi hofu yangu ndiyo inayomlinda, kwamba maadamu mimi naogopa, yeye hatapatwa.

Jumanne ile alirudi adhuhuri, si kawaida yake. Alikuwa ametoka kutia petroli, anataka kula upesi arudi kwenye abiria. Mgeni alikuwa anamnyonyesha mtoto. Mimi nilikuwa jikoni, sufuria ya wali iko juu ya jiko la makaa, nataka kuiepua nami mgongo umenikatika tangu asubuhi. Nikasikia hatua zake. Beseni sikulikumbuka. Siku ile moja tu sikulikumbuka.

"Athman mwanangu," nikaita, "njoo uniepulie sufuria hii."

Akaja. Akainama. Mkono wake wa kulia ulipofika juu ya makaa, nilisikia sauti ndogo tu, kama mtu anayepuliza mshumaa, halafu shati lote la upande ule likawaka.

Alitaka kukimbia nje. Nilimshika, nikamwangusha, sijui kwa nguvu gani, nikamfunika blanketi la sufi nikamlalia juu mpaka moto ukafa. Mgeni akaja na ndoo ya maji, akammwagia mkono, akaenda akachota nyingine, na nyingine. Jirani yetu Caren alileta mafuta ya kupaka, nikamwambia hapana, maji tu. Hilo ndilo jambo moja nililofanya sawa siku ile. Gari la wauza maziwa lilikuwa linapita barabarani, likatupeleka hospitali.

Mkono uliungua kuanzia vidole mpaka juu ya kiwiko, na kipande cha shingo. Daktari alisema ataishi. Kuhusu vidole alisema tungoje.

Siku ya nne jua liliwaka, uani kukakauka. Odhiambo akaja bila kuitwa, akatandika gunia, akalala chini ya gari. Hakusema mzaha hata mmoja. Nilikuwa mlangoni nachambua mchele wa kumpikia mgonjwa. Nilimwona ametoa mkono, ameshika ule mpira mwembamba, anavuta kitu ndani yake kwa waya.

"Mama Athman, njoo uone unyama wa watu."

Nikaenda. Kiganjani mwake kulikuwa na kipande cha nepi, cheusi kwa petroli, sabuni imeganda.

"Huu mpira ndio pua ya tangi," akasema. "Petroli ikiingia, hewa inatoka hapa. Petroli ikitumika, hewa inaingia hapa. Ukiziba, tangi halipumui. Ukitia linatapika, ukienda linazima. Nilikuwa natafuta mbele na ugonjwa uko nyuma." Akatema mate. "Mtu amefanya hii makusudi. Amepaka na sabuni ikae."

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka. Kilichotoka ni, "Nani atafanya hivyo?"

"Wainaina," akasema papo hapo. "Yule wa teksi ya kijani. Si waligombana na Athman pale stendi kwa ajili ya abiria? Leo naenda hospitali kumwambia."

Na akaenda. Mimi nilibaki na sinia la mchele mkononi. Mama mwenzangu, nakuambia, moto haukunichoma kama zile saa. Nilijisemea mambo mengi. Kwamba Athman ni mgonjwa, asisumbuliwe. Kwamba Wainaina ana midomo michafu, hata akishukiwa si kitu. Kwamba Mgeni akijua hataniachia tena mtoto. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa la kweli. Mengine yalikuwa nguo tu za kulifunika.

Kesho yake nilipofika wodini, Athman alikuwa ameketi, macho mekundu.

"Mama, umesikia? Wainaina! Alitaka niungue na gari langu. Odhiambo anapita polisi leo jioni kuandikisha. Nikitoka hapa na mkono mmoja, huohuo utamtosha."

"Athman."

"Mtu tuliyekula naye sahani moja!"

"Athman, nisikilize. Si Wainaina. Ni mimi."

Alinitazama kama mtu asiyeijua lugha yangu. Nikamwambia yote, magoti, nepi, sabuni, mpini wa kijiko. Nilisema haraka nisije nikasita.

"Kwa nini?" akauliza mwishowe.

"Harufu. Ilikuwa inaingia kwa mtoto. Niliogopa."

Akalaza kichwa ukutani. Bendeji yake ilikuwa imelowa pembeni, manjano. Nilingoja anitukane, na wallahi ningeshukuru.

"Si ungeniambia tu, mama," akasema. "Ningeliegesha kwa mbele."

Ni hayo tu. Hayo ndiyo ninayoyaandikia karatasi zote hizi. Siku zote zile nilikuwa namtisha kwa moto, nikimfuata na beseni, na neno moja lenye maana, kwamba gari lako linanuka dirishani, sikulisema. Kitu cha gari usichokijua usikiguse, hata kiwe kidogo kama kidole. Kitundu unachokiona hakina kazi huenda ndicho kinachopumua. Na tangi likirudisha petroli, msilisukesuke mkacheka. Lala chini utazame, hata kuwe na tope. Na nguo yenye petroli isivuke kizingiti, na wewe mwenyewe mwenye kukataza usiwe ndiye wa kumwita motoni.

Nilipoinuka kuondoka Athman akasema, bila kufungua macho, "Umpitie Odhiambo asiende polisi. Na kwa Wainaina uende mwenyewe."

"Nitaenda."

"Usimtume mtu."

Odhiambo nilimkuta gereji. Alisikiliza, akavua kofia, akairudisha kichwani. Kwa Wainaina nilikwenda asubuhi yake, pale stendi ya teksi karibu na soko la mjini. Alikuwa anafuta vioo vya gari lake la kijani. Habari za kushukiwa zilikuwa zimemfikia, niliona kwa jinsi alivyonipa mgongo. Nikasimama nyuma yake nikasema yote, sauti yangu ndogo, watu wanapita. Aliendelea kufuta kioo kilekile.

"Wewe ndiye uliziba," akasema.

"Mimi."

"Na wameniita muuaji hapa, mbele ya watu."

"Najua, baba. Nimekuja kwa hilo."

Alikunja kitambaa, akakifungua, akakikunja tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote.

"Mkono wake ukoje?" akauliza.

"Vidole viwili vinacheza. Vingine bado."

"Wateja wake wa Lavington, na yule dada wa kupiga chapa, nawachukua mimi kwa sasa," akasema. "Mwambie siwaibi. Akipona atawakuta."

Nikamwambia nitamwambia. Halafu nikaomba nipumzike kidogo kwenye kiti chake cha nyuma, naye akanifungulia mlango.