Mrashi wa Mama na Viwavi wa Haroub

Tangu mume wangu Haroub arudi kwenye semina ya kilimo hai, nyumba yetu ya Bububu haijanukia tena. Semina yenyewe ilikuwa ya siku moja, na nusu yake ilikuwa chai. Yeye karudi mtaalamu. Bustani yetu ni matuta manne tu ya mchicha nyuma ya jiko, lakini ukimsikia anavyowahutubia majirani utadhani ana shamba la mikarafuu.

Dawa za dukani akazipiga marufuku. Akaroweka yake: kitunguu thomu, pilipili kichaa, majani ya muarobaini na kipande cha sabuni, vyote vikichachuka ndani ya mtungi wangu wa maji ya kunywa. Viwavi wakaendelea kula. Haroub akasema bado hawajaizoea.

Hayo ningeyastahamili. Kilichonichoma ni mrashi. Mrashi wa fedha alioniachia marehemu mama, wa kunyunyizia wageni marashi, yeye akautoa kabatini akaenda kunyunyizia mchicha!

"Si utoboe kifuniko cha chupa ya maji?" nikamwambia.

"Plastiki si hai, Mama Yusra."

"Na hiyo fedha, inaota?"

Akacheka. Nikamnyang'anya, nikausugua kwa ndimu na majivu, nikaurudisha kabatini.

Ikafika Jumamosi ya wageni. Binti yetu Yusra alikuwa akipendana na Ahmada, mwalimu mwenzake, na mama yake Ahmada, Bi Mwanamkasi, alikuwa anakuja na mashangazi kututazama kabla ya kuleta posa. Bi Mwanamkasi anaweza kuvunja posa kwa sababu ya kikombe chenye ufa. Yusra hakutia kitu mdomoni tangu jana yake. Mimi niliujaza mrashi marashi ya mawaridi kabla ya kulala, nikauweka kwenye sinia sebuleni, tayari, pamoja na chetezo cha udi.

Wageni wakala, wakasifu mpaka sambusa. Nikafukiza udi hata tukawa hatuonani vizuri. Bi Mwanamkasi akamshika Yusra kidevu. "Mwanangu kajua kuchagua," akasema. Moyo wangu ukatua. Nikauchukua mrashi, nikawanyunyizia mmoja mmoja viganjani, nao, kama ilivyo ada, wakajipaka usoni.

Mara shangazi mmoja akamwita mama yake, ambaye ni marehemu.

"Macho! Nnakufa miye, macho!"

Sebule nzima ikawa inalia. Haroub akaja mbio kutoka uani, akasimama nyuma ya pazia.

"Msiogope! Haina kemikali hata tone!"

Hapo nikaelewa. Alfajiri, alipotoka kusali, aliuona mrashi kwenye sinia, akadhani nimelegea, nimemjazia dawa yake. Pua yake ilishakufa kwa thomu, hivyo hakunusa kitu. Akaumalizia wote kwenye mchicha, akaujaza upya kutoka mtungini, akaurudisha mahali pake kama mtu muungwana.

"Dawa ya nini hii?" akauliza Bi Mwanamkasi, wanja umemshuka mpaka mashavuni.

Mume mwengine angedanganya. Wangu hadanganyi kwenye mambo ya kilimo.

"Ya kufukuza wadudu waharibifu, bibi."

Bi Mwanamkasi akavaa buibui lake taratibu. "Basi inafanya kazi," akasema. "Haya wenzangu, twendeni. Tushafukuzika."

Wakatoka wakishikana mikono kama vipofu. Nilitaka kumlilia mwanangu, nikashindwa kujua machozi yepi ni ya uchungu na yepi ya pilipili. Yusra alibaki amekaa pale pale, anatazama kiti alichokalia mama yake Ahmada.

Haroub akaenda bustanini kukagua, akarudi amekunja uso.

"Ajabu. Viwavi hawajaondoka hata mmoja. Wamenenepa, tena wananukia mawaridi."

Yusra akainua kichwa.

"Basi, Baba," akasema, "niozeshe mmoja wao."