Chafya ya Myanga

Kitendawili! Mgeni wangu haalikwi, akifika anapiga kelele mara moja na kuondoka, na wanaomsikia wananitakia heri mimi, si yeye. Nani huyo? Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Kitale? Asanteni. Nimefika Kitale, nimekula mahindi ya kuchoma, nimekunywa chai ya maziwa matupu, na jibu nimewaletea: ni chafya. Sasa kaeni niwaambie ile chafya iliyotusumbua hapa kwangu Myanga, Bungoma, mwaka jana.

Cherop, mke wa mwanangu Wabwile, alijifungua msichana. Kwao ni milima ya Cherangany, watu wa msitu na mizinga ya nyuki. Kwao mtoto hachaguliwi jina. Akina mama wanamnusisha ugoro, chembe tu, halafu wanaita majina ya wazee waliotangulia. Jina atakalolipigia chafya, basi huyo ndiye amerudi.

"Mama," Cherop akaniambia, "nataka mwanangu aitwe hivyo. La sivyo watu wetu wameisha."

Shida ilikuwa nani ataita. Mama yake alishafariki. Shangazi zake walitawanyika siku ile kampuni ya mbao ilipozungushia msitu wao waya na nyumba zikabomolewa. Aliyebaki na majina ni baba yake, mzee Kimeli, na Kimeli alikuwa ameacha kusema. Alipanga chumba Kachibora, chini ya milima. Halali, hali, kila asubuhi anatembea mpaka kwenye ule waya, anasimama tu. Phelista, muuguzi wa Kitale, alitueleza kwamba huzuni ya namna hiyo ni ugonjwa kama malaria, unatibiwa, na kwamba anawaona wengi kutoka kule juu. Akampa dawa, akamwalika kwenye kikao cha mazungumzo. Mzee alienda. Alikaa. Hakusema.

Tukamleta Myanga amwone mjukuu. Nilimwekea chai barazani, nikamuuliza kwa heshima, "Mkwe, kwa nini hutaki kuwataja watu wenu?"

Akatazama kikombe. Chai ikapoa hapo hapo.

Basi nikasema nitaita mwenyewe, na itakuwa vile itakuwa. Jirani yangu Pauline akaja na ugoro wake. Mzee akabaki nje karibu na dirisha, maana baba haingii chumba cha binti aliyejifungua. Kwa vile wa Cherangany siwajui, nikaanza kuita wangu wa Kibukusu. "Nabangala! Nelima!" Mtoto akapiga miayo.

"Kwani unamsomea rejista?" Pauline akanicheka. "Weka nguvu, bana!"

Nikaweka nguvu mpaka nikajisahau. "Nanyama!"

"Mama!" Cherop akashika tumbo kwa kicheko. "Si Nanyama ni wewe, na bado uko hai!"

"Ati anataka kurudi kabla hajaenda!" Pauline akasema, akainamia kile kikopo cha ugoro, akapiga chafya ya kutikisa mabati.

"Afya!" nikamwambia. "Haya, Pauline amepata jina!"

Tulicheka mpaka machozi. Halafu tukasikia mtu mwingine anacheka dirishani, kicheko kikavu, kama mlango uliofungwa siku nyingi.

"Si hivyo," mzee akasema. "Mnaharakisha. Jina moja, halafu mnangoja."

Cherop akanishika mkono kwa nguvu. "Baba, ita wewe. Mimi nitarudia."

Tukaona kivuli chake kinasogea dirishani.

"Kobilo," akasema. "Mama yangu. Alikaa pale mto unapogawanyika."

"Kobilo," Cherop akarudia. Tukangoja. Mtoto ametulia tu.

"Tapsubei. Nyanya yangu. Kwa kupanda mti kufuata mzinga, wanaume aliwaacha chini."

"Tapsubei," Cherop akanong'ona.

Mtoto akakunja pua. Akapiga chafya ndogo, kama ya paka.

Vigelegele! Pauline alirusha kitambaa chake mpaka kikanasa kwenye boriti. Mimi nikakimbilia nje. Mzee Kimeli ameshika vyuma vya dirisha kwa mikono miwili, analia na kucheka, anaita, "Karibu, Tapsubei! Karibu nyumbani!"

Akaniomba chai, tena ya moto. Akanywa kikombe chote, akaomba kingine, kisha akanigeukia.

"Mkwe, uliniuliza, nikanyamaza. Niliogopa kuwaita. Wamezikwa kule ndani ya waya, na mimi nilidhani hawajui njia ya kuja Bungoma."