Mkono wa Nesi Haskell

Katika dunia nzima, mtu mmoja tu ndiye ambaye Nereida aliruhusiwa kumchoma sindano, naye ni Mzee Orville Tensley. Si kwamba wengine wangemshinda. Tumbo ni tumbo. Ila karatasi aliyoitia sahihi ilitaja jina la mzee yule, dawa ile ya insulini, na mkono wake yeye Nereida Orozco, ikaishia hapo. Hata Doina, mwenye nyumba, aliyekuwa akilea wazee tangu alipohama kwao Rumania miaka kumi na sita nyuma, hakuruhusiwa. Vidole vya Doina vilianza kutetemeka mwaka ule, na alipoulizwa kama anataka kufundishwa alisema heri ampikie mzee kuliko kumtoboa.

Nesi Haskell ndiye aliyeleta karatasi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye gari lililojaa mafaili, akizunguka bonde zima la Yakima kutoka nyumba ya wazee moja hadi nyingine. Nyumba yenye wazee watano haiwezi kuwa na nesi wa kushinda hapo, akaeleza, kwa hiyo nesi huja, humfundisha mfanyakazi, humtazama akifanya, kisha humwachia kazi. Akamshika Nereida kifundo cha mkono.

"Huu mkono sasa ni wangu," akasema. "Nimekuazima. Ukikosea, nimekosea mimi. Na siku nikiona mambo hayaeleweki, nitauchukua."

Jumatano nne za mwanzo angekuja mwenyewe kutazama. Masharti yalikuwa mengi, lakini mawili aliyarudia mpaka Nereida akayaota. La kwanza, kisanduku cha daftari hakiachwi wazi: umepima sukari, andika, hukupima, andika kwa nini. La pili, mgonjwa awe ametulia, leo yake ifanane na jana yake. Asiyetabirika ni wa nesi mwenyewe, hakabidhiwi mtu mwingine.

Nereida alimaliza shule ya msingi kwao Michoacán, akaja na wazazi waliokuwa wakichuma matufaha, na masomo yakakomea hapo. Mafunzo ya kulea wazee aliyapita kwa jasho. Hakuwa mwepesi wa vitabu, lakini jicho lake halikupitwa na kitu. Alijua mzee yupi kavaa soksi kinyume kabla hajashuka kitandani. Nesi Haskell aliliona hilo siku ya kwanza, akamwambia Doina kwamba macho kama yale hayafundishwi darasani.

Mzee Orville naye alimkubali, kwa njia yake. Alikuwa amepanda mitufaha miaka arobaini. Shamba aliliuza alipofiwa na mkewe, lakini dirisha la chumba chake lilitazama kilima kile kile, na kila asubuhi aliihesabu safu aliyoipanda kwa mkono wake, ile ya karibu na mfereji. Alisema wenye shamba wapya wanapogoa matawi kama vinyozi walevi. Alipoletwa kwa Doina alikubali kukaa kwa sababu ya dirisha, na alilisema hilo mbele ya Doina bila haya.

"Binti," alimwambia Nereida wiki ya kwanza, "unaishika hiyo kalamu ya sindano kama unataka kumwandikia barua gavana."

"Nikimwandikia nitakushtaki. Umeficha tena brokoli chini ya kitambaa."

"Brokoli si chakula. Ni mti uliokosa mkulima."

Wiki hiyo sukari yake ilikuwa mia na arobaini, mia na hamsini na tano, mia na arobaini na nane. Nereida aliziandika kwa mwandiko wa mtoto wa shule, kila namba na kisanduku chake, na Jumatano ya kwanza Nesi Haskell alitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka na kipande cha keki ya Doina.

Wiki ya pili namba zikaanza kucheza. Jumatatu jioni, mia mbili na tisini. Jumanne, mia na thelathini. Alhamisi, mia tatu na ishirini. Ikipita mia tatu, agizo lilisema, mpigie nesi. Nereida akapiga. Nesi akauliza amekula nini. Nereida akamtajia kijiko kwa kijiko, kwa kuwa sahani yeye ndiye aliyeipakua na yeye ndiye aliyeiosha. Kabichi za kukunja na nyama, ugali wa kwao Doina kiasi cha ngumi, maji.

Jumatano ya tatu alikuja na daktari kwenye simu, wakabadilisha kipimo cha dawa. Kabla ya kuondoka alimketisha Doina na Nereida jikoni, akasema polepole, kama mtu anayebeba kitu cha moto. Ikiwa kufikia Jumatano ya nne mzee hajatulia, itambidi auchukue mkono wake. Bila mkono huo mzee hawezi kubaki. Atahitaji mahali penye manesi usiku na mchana, na vitanda vya karibu vyote vimejaa. Kilichopo kiko Spokane, mwendo wa saa tatu na zaidi, na majira ya theluji nani atakwenda kumtazama?

Mzee Orville alikuwa mlangoni. Masikio yake hayakuwa na ugonjwa.

Jioni hiyo Nereida alimtoboa kidole, mashine ikaonyesha mia tatu na kumi na mbili. Akachukua kalamu ya wino. Mzee akaweka kiganja juu ya daftari.

"Andika mia na hamsini."

"Imesema mia tatu na kumi na mbili."

"Najua imesema nini. Mimi ni mgonjwa, si kipofu. Nakuomba, Nereida. Mia na hamsini."

Hakuwa amewahi kumwita jina lake. Nereida akabonyeza kitufe cha pembeni ya mashine, akamwonyesha: namba ya jana, ya juzi, na za kabla ya hapo, zote zimelala humo ndani zikimngoja nesi azifungue.

Mzee alizitazama. "Hata hii imefundishwa umbea," akasema, akaondoa kiganja.

Nereida akaandika mia tatu na kumi na mbili. Usiku alijiuliza, kama mashine isingekuwa na kumbukumbu, angeandika nini?

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya nyumba ile ilikuwa mashine ya kufulia. Siku ya pili yake Nereida alipokuwa akigeuza mifuko ya sweta la mzee alikuta chembechembe. Akazinusa. Iliki na siagi. Biskuti za namna ile alizipata mtu mmoja tu, aliletewa na mjukuu kila Jumapili ndani ya kopo la bati lenye picha ya kulungu.

Mtu huyo ni Bibi Dagny Aasen, wa chumba cha mwisho. Kumbukumbu zilikuwa zimemtoka zikamwachia adabu. Mumewe Halvor alikufa kabla Nereida hajazaliwa, lakini kwa Bibi Dagny alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka dirishani, kavaa sweta la kijivu, na jina lake siku hizi lilikuwa Orville. Nereida akaketi na shati mkononi, akatazama kama kawaida yake. Saa tisa na nusu mchana Bibi Dagny alipita nyuma ya kiti cha mzee, akatumbukiza kitu mfukoni mwake bila kusimama, kama msichana anayemhonga mchumba kanisani. Mzee alitazama mbele. Baadaye akala, moja, mbili, nne. Nereida akarudia daftari: siku ambazo Bibi Dagny alilala mchana, namba zilikuwa nzuri.

Doina alipoambiwa alijishika kiuno. Wakawatenganisha meza. Bibi Dagny akasukuma sahani, akaulizia Halvor amekasirika nini. Siku nzima hakula ila chai. Kumfungia kopo lake hawakuruhusiwa, ni mali yake, na yeye si mfungwa. Basi Doina akamwendea mzee, akamwambia wewe ndiye mwenye akili timamu hapa, zikatae.

"Nizikatae vipi?" mzee akasema. "Mwanamke ananiita mume wake. Miaka minane mimi sijaitwa mume wa mtu."

Mwishowe walikubaliana hivi: apokee, ashukuru, lakini asile. Biskuti zote atamkabidhi Nereida jioni. Na kweli. Jumamosi alimpa tatu, zimefungwa kwenye karatasi. Namba ikawa mia na hamsini na mbili. Jumapili, mia na arobaini na sita. Jumatatu, hivyo hivyo. Nereida aliziandika taratibu, akazitazama zilivyopangana kama mitufaha ya mtu anayejua kupanda. Alimpigia Nesi Haskell, akamweleza habari ya biskuti. Nesi alicheka kwa mara ya kwanza, akasema tusubiri Jumatano, ila sauti yake ilikuwa nyepesi. Doina akaanza kusema "mwakani" alipomzungumzia mzee.

Jumanne jioni, kabla ya chakula, mia na hamsini na nane. Nereida alimchoma upande wa kushoto wa kitovu, ile dawa ya kukaa mwilini hadi asubuhi, akaandika. Chakula kikaja. Mzee alikuwa mchangamfu kupita kiasi, akawasimulia habari ya baridi ya mwaka fulani iliyoua maua yote ya matufaha. Nereida alimtazama. Lakini simu iliita, mzee wa chumba cha pili akaangusha supu, na aliporudi mezani sahani ya Mzee Orville ilikuwa tupu na safi. Akafurahi. Ya Bibi Dagny pia ilikuwa tupu, naye akijifuta mdomo, na kwa siku zile ambazo hakuwa akila vizuri hilo nalo likawa jambo la kufurahia.

Ndipo jicho lake lilipopitwa.

Asubuhi saa moja alimkuta kitandani, shuka limelowa jasho. Alimwita, akamjibu kwa jina la mkewe aliyekufa. Mashine ikasema arobaini na tisa. Nereida alimtia maji ya machungwa mdomoni kidogo kidogo, akimwinua shingo, akihesabu dakika, akamtia tena. Doina aliwaita watu wa dharura. Walipofika namba ilikuwa imepanda hadi tisini na mbili, na mzee alikuwa akiuliza kwa hasira ni nani amewaruhusu wanaume wenye viatu chumbani kwake.

Walipoondoka alimwambia Nereida mwenyewe, uso ukiwa umegeukia dirisha. Alitaka namba ya Jumatano ipendeze. Alifikiri mia na hamsini si ya kutosha, nesi angetaka mia na ishirini, kama mtu anayepeleka matufaha kwenye maonyesho na anayachagua yasiyo na doa. Kwa hiyo chakula chote alimpa Dagny, yeye mwenyewe hakula hata kipande.

"Baada ya sindano?" Nereida akauliza.

"Sindano ni yako. Chakula ni changu."

Nereida akamweleza kwamba dawa na chakula hutembea pamoja kama miguu miwili. Alikuwa amemweleza tangu wiki ya kwanza. Mzee akasema alisikia, ila alidhani ni maneno ya manesi.

Nesi Haskell alifika saa nne. Nereida hakumficha kitu. Kisanduku cha saa moja kilikuwa na arobaini na tisa, na pembeni maelezo yote, kwa mwandiko uliopinda. Nesi akasoma mara mbili. Akamwambia Nereida hakukosea popote, kwamba ndiye aliyemwokoa. Nereida akasema, basi mwache. Atakaa naye mpaka amalize sahani kila siku. Hatainuka hata simu ikiita, hata nyumba ikiungua.

"Nakuamini wewe," nesi akasema. "Yeye ndiye siwezi kumtabiri. Akifa, amekufa mkononi mwangu, na mkono wangu unao wewe."

Doina akasema kuna nyumba zinazofumba macho. Nesi akajibu kwamba anazijua, na amewahi kwenda mazishini kwa ajili ya mojawapo.

Akatoa karatasi ya kufuta ile ya kwanza. Ilikuwa fupi zaidi. Ilihitaji sahihi mbili, ya anayechukua na ya anayenyang'anywa, kuthibitisha kwamba amearifiwa. Nereida alitia sahihi mahali palipoonyeshwa. Nesi aliukodolea macho mkono ule kwa muda, akafunga faili. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikuwa na nyumba tatu nyingine siku hiyo.

Siku mbili zilizobaki kabla ya safari ya Spokane, Nesi Haskell alikuja mwenyewe asubuhi na jioni kumchoma. Nereida alisimama pembeni ameshika pamba. Binti wa mzee, aliyekuwa akiishi Alaska, alikubali kila kitu kwa simu. Ijumaa gari likaja. Mzee Orville aliketi kwenye kiti cha magurudumu akatazama kilima, midomo ikihesabu. Hakumaliza safu. Mwenye gari alikuwa na haraka kwa sababu ya barafu iliyotabiriwa.

"Binti," akamwambia Nereida walipofika kwenye ngazi, "huko hawatajua brokoli nazificha wapi. Usiwaambie."

Akaahidi. Ndilo jambo pekee alilokuwa na uwezo nalo.

Saa tisa na nusu Bibi Dagny alikuja hadi kiti cha pili kutoka dirishani, akakikuta kitupu. Akauliza Halvor yuko wapi. Nereida akasema ametoka kwenda kupogoa matawi. Bibi Dagny akaitikia, akasema Halvor hupoteza saa akiwa mitini, mpelekee hizi asije akashinda njaa. Akamtumbukizia Nereida biskuti nne kwenye mfuko wa aproni, akaupapasa mfuko kwa nje kuhakikisha.

Saa kumi na mbili jioni miguu ya Nereida ilimpeleka kwenye friji ya dawa kabla hajakumbuka. Akafungua daftari. Ukurasa wa Mzee Orville ulikuwa bado haujatolewa, na kisanduku cha saa hiyo kilikuwa kitupu. Kisanduku hakiachwi wazi. Akachukua kalamu ya wino, akaandika "Hayupo", akatia sahihi.