Jina la Nyawech Lilikuwa la Bure

Suzan alipoambiwa kwamba jina la mama yake linauzwa, alicheka mpaka akaweka sindano chini.

Aliyelileta neno hilo ni binti yake, Peace. Walikuwa wameketi kibarazani kwao mtaani Gurei, kila mmoja na milaya yake mapajani, yale mashuka ya kutarizi ambayo bibi harusi wa Juba haendi kwa mume bila hayo. Kazi hiyo walifundishwa na marehemu Nyawech, mama yake Suzan, tangu kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na kila shuka walilotoa lilibeba jina lake pembeni. Sasa Peace alitaka kufungua tovuti ili ndugu walioko ng'ambo waone na kuagiza. Tovuti yenyewe ingekaa bure kwenye kompyuta za kampuni fulani ya huko nje. Ila jina la kuifungulia, yaani anwani yenye jina la Nyawech ambayo watu wangeiandika kwenye simu, alisema, heri walinunue wenyewe na kulilipia kila mwaka.

"Jina la mama yangu?" Suzan akauliza. "Nilinunue kwa nani? Siku ya matanga yake hao wauzaji walikaa mkeka upi?"

Celestino, fundi simu wa soko la Custom anayeimba kwaya na Suzan, alipopita akamuunga mkono. Kampuni hiyohiyo, alisema, inatoa hata jina. "Majan, Mama Peace. Bure kabisa. Ulipie nini na mtu anakupa?"

Peace akajaribu kueleza kwamba jina la kupewa hivyo hubaki mali ya mtoaji, na siku akilitaka analichukua. Suzan akamwambia shule imemfundisha woga. Wakachukua la bure.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Maagizo yakaja kutoka Nairobi, mpaka Australia. Suzan akavimba kichwa, akaanza kutarizi anwani nzima pembeni mwa kila shuka, kwa uzi mwekundu, pamoja na nukta zake. Moja akampelekea Nyakuma, mtoto wa dada yake, aliyekuwa akiolewa huko Australia.

Nyakuma alipiga simu Jumapili, watu wakitoka kanisani.

"Mama mdogo, mama mkwe ameiandika ile anwani ya shuka kwenye simu yake. Mbele ya wageni." Akashusha sauti. "Kuna wanawake uchi, mama mdogo. Na juu yao jina la nyanya."

Peace akafungua simu yake pale pale, akaifunga haraka kabla mama yake hajaona. Akawaandikia wenye kampuni. Walimjibu kwa ufupi: jina lilikuwa lao, aliazimwa tu, na wamekwisha kumpa mwingine aliyelipa. Naye huyo mwingine alikuwa radhi kuliuza, kwa bei ya ng'ombe wa mahari.

Celestino alikuja kutoa pole. Akasema angalau hawakupoteza kitu, kwa kuwa lilikuwa la bure.

"Ndiyo," Suzan akamjibu bila kuinua macho. "Bure kabisa."

Mzazi mwenzangu, mtoto akikwambia jina lina mwenyewe, usimcheke. Ulimwengu wa simu haujui ni nani alimzika nani.

Mashuka yaliyokwisha kuuzwa yametandikwa vitandani mwa watu, na nani atakwenda kubisha nyumba kwa nyumba kuyaomba? Suzan aliyaleta yaliyobaki kibarazani, akachukua wembe, akaanza kufumua uzi mwekundu, herufi baada ya herufi, akijua kila moja ni mkono wake mwenyewe. Alipomaliza la kwanza akampa Peace alikunje.

Peace akalinyanyua kwenye mwanga. Uzi haukuwepo, lakini matundu ya sindano yalikuwa yamebaki yote, yamejipanga vilevile.

"Bado linasomeka, mama," alisema.

Suzan akalowesha kidole kwa mate, akaanza kusugua.