Fundo la Dzombo

Subira aliwahesabu mara mbili, na mara zote mbili akapata tisa. Mwaka jana, kwenye uwanda huohuo wa nyasi juu ya vilima vya Shimba, kundi lile la palahala lilikuwa na swala kumi na sita. Akaandika katika daftari la kikundi cha ulinzi cha vijiji, akafumba macho kidogo. Huu ulikuwa mwaka wake wa sita katika kazi hiyo, na hajapata kuandika hesabu iliyopanda.

Akiteremka alimkuta wa kumi. Alikuwa jike, amelala ubavu kwenye njia ya kwendea maji, waya wa breki ya pikipiki umezama shingoni. Subira alitoa koleo aukate, mkono ukasita penye fundo. Waya ulikuwa umezungushwa mara tatu, ncha ikarudishwa ndani. Aliyekuwa akifunga hivyo ni mtu mmoja tu, naye ndiye aliyemfundisha Subira kufunga mbuzi: mjomba wake Dzombo, aliyemlea tangu babake afariki.

Alifika kwa mjomba, upande wa Kinango, baada ya alasiri.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Aliuweka waya juu ya mkeka. Dzombo akasema kwamba mahindi yamekauka misimu miwili, mbuzi wamekwisha, na nyama ikifika mjini Ukunda hakuna anayeuliza ni ya mnyama gani.

"Mitego mingine iko mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Kesho tukaing'oe. Kisha nitaandika jina lako daftarini, mjomba. Siwezi kuliacha."

"Watanifunga?"

"Sijui."

Asubuhi waliing'oa mmoja baada ya mwingine. Katika mtego wa nane walimkuta ndama wa palahala, yu hai, mguu umechanika. Dzombo alimkandamiza, Subira akakata waya, ndama akaondoka akichechemea. Mzee alikaa chini palepale. Akasema hajawahi kumkuta mnyama mtegoni akiwa hai; siku zote hufika mnyama amekwisha kufa.

Jina liliandikwa. Dzombo alikaa rumande wiki tatu, kisha mahakama ikampa kifungo cha nje. Mwanaima, mkaza mjomba, aliacha kuitikia salamu za Subira. Kati ya vijiji vitatu vya kikundi, viwili vilikubali kufanya doria kwa zamu; cha tatu hakikutuma mtu.

Ijumaa moja baada ya sala, Dzombo alikuja mwenyewe hadi kwa Subira, amekonda. Akasema anawajua wengine wanaotega, na majina yao hatayataja hata kwa kiapo. Ila mahali wanapotega anaweza kumwonyesha.

Subira alikuwa ametoka msituni saa ileile, hata viatu hajavua. Angependa kulala siku mbili. Alimtazama mjomba, akachukua koleo.

"Haya, mjomba," alisema. "Tangulia."