Mishipa Iliyokatika

Darlene Yurko aliigundua hitilafu alipopitisha msasa mwororo, si ule wa kwanza. Raundi ya kwanza ilikuwa ya kung'oa gundi nyeusi ya zulia lililokaa pale nusu karne, na chini ya gundi mbao zote ni ndugu. Sasa, saa nne asubuhi, mwaloni ulikuwa umeanza kuonyesha sura yake: mishipa ya kahawia iliyopanda kwa vilele virefu, ubao baada ya ubao, kutoka dirishani hadi ukutani. Miaka ishirini na mbili akikwangua sakafu katika miji ya makaa ya mawe ya Pennsylvania, na bado jambo hilo lilimfurahisha.

Katikati ya chumba vilele vilikatika.

Akatazama vizuri. Mbao kumi hivi, zote fupi, zilianzia kwenye mstari mmoja na kuishia kwenye mstari mmoja. Mishipa yake ilikuwa imenyooka kama mistari ya daftari, yenye madoa ya kung'aa, mti mwingine kabisa. Mtu alikuwa amekata mraba katika sakafu, kisha akauziba kwa mbao za kwingine. Mashine yake ya kukwangulia, kilo mia moja na ushei, ilikuwa juu ya mraba huo. Na yeye pia.

Akazima injini. Katika ukimya akainama kuangalia mbao. Vumbi la msasa lilikuwa likishuka kwenye ufa kati ya mbao mbili, taratibu, kama unga unaopita kwenye chekeche, wala ufa haukujaa. Hewa ya baridi yenye harufu ya udongo mbichi ikampiga vifundoni. Alijua kwamba chumba hiki cha nyuma kiliongezwa baadaye, na kwamba ghala la chini la nyumba halikufika huku. Basi vumbi lilikuwa likienda wapi?

Sakafu ikashuka kiasi cha unene wa kidole.

Darlene akauvua waya wa mashine begani, polepole, akauacha uanguke. Akalala kifudifudi ili uzito wake usambae, akaanza kutambaa kurudi nyuma. Alitafuta vichwa vya misumari, kwa maana penye msumari pana boriti chini. Akafika ukutani chini ya dirisha. Mlango ulikuwa upande wa pili, na nje ya dirisha ardhi ilikuwa mbali chini, penye mteremko.

Na mlango ukafunguka.

Bi Verna Hutnik, mwenye nyumba, mjane wa miaka themanini na mbili, aliingia na sinia: kahawa, na sahani ya kabichi iliyokaangwa na tambi. Kwa sababu ya kelele za mashine alikuwa amevua vifaa vyake vya masikioni vya kumsaidia kusikia. Hakusikia chochote.

"Kahawa hiyo, binti," alisema kwa sauti kubwa ya kiziwi. "Usiniambie umeshiba, nimekuona ulivyokonda."

"Bi Verna, simama hapo hapo."

"Eeh, nakuletea, usijisumbue."

Darlene akapunga mikono yote miwili. Bibi akatabasamu, akainua vidole viwili kutoka kwenye sinia kumrudishia salamu, akaja. Njia yake ilikuwa imenyooka kuelekea mashine. Hatua tano. Nne. Kukimbia kumzuia kungekuwa kuukanyaga mraba. Kugonga sakafu, Darlene hakuthubutu.

Akavua barakoa iliyojaa vumbi, akaitupa kwa nguvu zake zote. Ikamgonga bibi kifuani na kutumbukia kwenye tambi.

Bi Verna akasimama. "Ndivyo mama yako alivyokufunza? Mtu anakuletea chakula, unamtupia matambara?"

Darlene akaelekeza kidole chini, kisha akamwonyesha viganja: rudi, rudi. Bibi akamtazama usoni, na alichokiona kikamfuta hasira. Akarudi nyuma hatua moja, ya pili. Mbao zikalia. Mashine ikainama upande kama ng'ombe anayepiga magoti, ikatoboa sakafu, ikazama, na waya ukaifuata ukichapa hewa hadi ulipochomoka ukutani. Darlene alihesabu bila kutaka. Moja. Mbili. Ndipo maji yakasikika.

Alibaki amejibanza ukutani hadi watu wa zimamoto walipomtoa kwa ngazi kupitia dirishani. Walishusha kamba: kisima cha zamani, mita kumi na saba, nusu yake maji. Unyevu ulikuwa umezila boriti mbili hadi zikawa kama mkate uliolowa. Jioni ya kesho yake wapwa wa Bi Verna walikuwa wahamishie kitanda chake humo, kwa kuwa magoti yalishakataa ngazi.

Mmoja wa zimamoto aliokota kipande cha ubao wa mraba ule. Upande wa chini paliandikwa kwa penseli: Juni 1974. Bi Verna, sasa masikio yakiwa mahali pake, alikishika kipande hicho na kukisogeza karibu na macho.

"Saba hii yenye mkia ni ya Emil," alisema. Emil alikuwa mumewe. "Alifungua, akaona, akafunika. Na zulia akalitandika wiki hiyo hiyo, nikadhani ni zawadi." Akamgeukia Darlene. "Watoto wangu walijifunza kutembea humu. Darlene, ni nini kilichomzuia kuniambia?"

Darlene alimpelekea kiti.

Kisima kilijazwa mawe na zege, boriti mpya zikawekwa. Wiki tatu baadaye Darlene alikuja na mashine ya kukodi, akafika mlangoni, na mguu ukakataa kuinuka. Alijiambia kuwa chini ni zege. Mguu haukusikia.

"Unaogopa," alisema Bi Verna nyuma yake.

"Naogopa sana."

"Hata mimi. Silali." Bibi akamshika mkono, akatangulia kukanyaga, uso umemsawijika, akisikiliza kila ubao. Walivuka hivyo hadi dirishani, mmoja akimbana mwenzake vidole hadi vikauma. Kisha Darlene akawasha mashine, akaanzia kando ya ukuta.

Bi Verna hakuondoka. Alirudi mlangoni, akasimama hapo asubuhi nzima, macho kwenye mbao.